Picha za Sinema si Takataka

Msomaji mpenzi, usinicheke. Mimi hukusanya picha za matangazo ya sinema, zile zilizokuwa zikitundikwa mlangoni ili watu wavutiwe kukata tiketi. Ninazo kumi: Raj Kapoor wa Awaara (1951), Gabbar Singh wa Sholay (1975) na ndevu zake, na kadhalika.

Zilikuwa kumi na moja. Ile ya Mother India (1957), Nargis na plau lake, alinipa babu. Aliifuata sinema hiyo kutoka Malindi hadi Mombasa, enzi hizo Kilifi ikivukwa kwa feri, manake daraja lilifunguliwa 1991. Nyuma ya picha kaandika: “Nimeiona mara tatu, nimelia mara tatu.” Basi likizo ya Agosti mtalii akanipa shilingi mia tano, nami nikauza. Babu hakugomba. Aliuliza tu, “Na mwandiko wangu je?”

Wenzangu husema filamu si ipo kwenye simu? Ipo, lakini simu haijui babu yangu alilia. Kwa maoni yangu, picha hizi zisiuzwe ovyo. Mwalimu mlezi, chama chetu kinaomba kabati moja la kioo. Hizo kumi nitazileta mimi.