Ufa wa Trekta Kuukuu: Karakana na Darasa Visitengane

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye trekta kuukuu methali hiyo yahitaji nyongeza, kwa kuwa katika chuma cha kusubu anayeziba ufa bila kuelewa asili yake aweza kuuzidisha.

Trekta la Ferguson TE20, lililotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1946 na 1956, halina fremu. Injini, kasha la giaboksi na kasha la ekseli ya nyuma vimefungwa pamoja kwa bolti, vikawa ndivyo uti wa mgongo wa mashine. Matrekta mengi ya baadaye yaliundwa kwa mtindo huohuo. Kwa hiyo ufa katika kasha la giaboksi si mchubuko wa ngozi, bali ni mfupa uliovunjika; na ukitokea mvua za kupandia zinapoanza, mkulima aweza kupoteza msimu mzima.

Mara nyingi fundi hukimbilia kuchomelea kwa vijiti vya kawaida vya chuma cha pua. Mshono hupendeza macho, lakini baada ya siku chache ufa mpya huonekana kando yake. Fundi hulaumiwa kwa uzembe. Lawama hiyo haina haki: kosa ni la elimu iliyokatwa vipande viwili, kimoja kikabaki karakana na kingine darasani.

Chuma cha kusubu huwa na kaboni kiasi cha asilimia 2 hadi 4, ambapo chuma cha pua cha kawaida huwa na chini ya asilimia 1. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo hukaa kama magamba membamba ya grafiti. Ndiyo maana chuma hicho hustahimili sana kugandamizwa, lakini hukatika upesi kikivutwa. Kikichomelewa kingali baridi, joto la mshono hunyonywa ghafla na chuma kinachouzunguka. Kaboni hukosa muda wa kuwa grafiti, ikaungana na chuma kufanya kabidi ngumu, inayovunjika kama kioo. Wakati huohuo mshono hunywea na kuvuta, nacho chuma kisichoweza kunyumbuka hupasuka.

Tiba hufuata sababu. Tundu dogo hutobolewa kwa keekee kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee. Mafuta husafishwa, kisha kipande kizima hupashwa moto polepole hadi nyuzi 500 au 600 za sentigredi. Huchomelewa kwa vijiti vya nikeli, kwa mishono mifupi inayogongwa taratibu ingali na moto, halafu hufukiwa katika majivu makavu ili kipoe polepole. Njia nyingine ni kuunga kwa shaba, ambayo huyeyuka kabla ya chuma chenyewe. Au kushona pasipo moto, kwa vipande vya madini vinavyopigiliwa katika matundu yanayokingama ufa.

Elimu ya kweli hujua pia pa kukomea. Sehemu za usukani, breki na gurudumu tegemeo la injini hazifai kuungwaungwa. Zibadilishwe, kwa maana hapo kinachowekwa rehani ni uhai wa mtu.

Wapo wasemao kwamba vyuma vikuukuu vitupwe, vinunuliwe vipya. Lakini taifa linalonunua mashine bila kuelewa madini yake litaendelea kununua daima. Mwalimu wa kemia haombi maabara ya fahari: kipande kimoja cha kasha lililovunjika, chenye rangi ya kijivu mahali kilipokatikia, chatosha kuanzisha somo. Kikisuguliwa kwenye jiwe la kunolea la umeme, wanafunzi wakiwa wamevaa miwani ya kinga, kitatoa cheche fupi nyekundu, ilhali chuma cha pua kitatoa cheche ndefu zenye mng'aro.

Mwanafunzi aweze kumweleza fundi kwa nini mshono ulipasuka, naye fundi amwonyeshe mkono unavyopima joto na subira. Ufa ulio kati ya wawili hawa ndio wa kuzibwa kwanza.