Njooni Mvita Mjuane kwa Nyuso

Wito huu nauelekeza kwanza kwako wewe uliyeshikwa na mapenzi ya jambo, liwe kubwa au dogo machoni pa watu. Labda uko Nakuru na unakusanya picha za milango ya kale. Labda uko Tanga, na unajua jinsi mashua na jahazi zinavyotofautiana tangu omo hadi tezi. Labda uko Muscat, bibi yako alizaliwa Kibokoni, na usiku mnatumiana mashairi na mtu wa Leicester ambaye hujapata kumpa mkono. Nyinyi ni wengi. Mnajuana kwa sauti na kwa maandishi ya simu, mnajuliana hali, mnapeana pole za misiba, ila hamjapata kuketi pamoja mkanywa kahawa. Nawaomba mkutane. Na nawaomba mkutane Mombasa, yaani Mvita, ndani ya Mji wa Kale, barazani.

Nusu ya pili ya wito ni yetu wenyeji wa kisiwa hiki. Wageni hao watakapofika, wakute baraza bado ipo, na juu yake pana mtu wa kuwaambia karibu.

Sisemi haya kwa kutafuta watalii. Watalii tunao, na biashara yao ina wenyewe. Nazungumzia elimu inayokaa kwa watu wasiolipwa kuitunza, wanaoitunza kwa kuwa wanaipenda tu, na ambayo hupita kwa mwingine pale watu wanapoketi muda mrefu bila haraka. Mji huu una deni kubwa kwa watu wa namna hiyo.

Mtazame Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyefariki mwaka 1840. Tungo zake nyingi zilikaa midomoni na vifuani mwa watu. Wale waliozihifadhi walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, na kila jeneza lilikwenda na beti zake. Aliyesimama kulizuia hilo ni mtu wa hapa hapa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Alikusanya, akauliza, akaandika kwa herufi za Kiarabu, na akamfungulia hazina hiyo mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyekuwa akiishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Taylor mwenyewe hakutosheka na kazi ya misheni. Alikusanya methali zetu hata akatoa kitabu chake mwaka 1891, na aliandika maelezo juu ya maneno ya Kimvita ambayo hadi leo wanaosoma Muyaka wanayategemea. Watu wawili wa dini mbalimbali na nchi mbalimbali, kilichowaweka pamoja ni kupenda ubeti.

Halafu ikaja zamu ya barua. William Hichens, aliyewahi kuwa afisa wa serikali huku Afrika Mashariki, alirudi Uingereza na moyo wake ukabaki pwani. Huku Mombasa alikuwako Sheikh Mbarak Ali Hinawy, Liwali, mkusanyaji wa hati za kale na mwandishi wa kitabu juu ya jemadari aliyeitwa Al-Akida na ngome ya Fort Jesus. Wakaandikiana. Barua zilikwenda kwa meli, swali la neno moja likingoja majibu wiki kadhaa, na hawakuchoka. Mwaka 1940 Diwani ya Muyaka ikachapishwa Johannesburg, na mikono ya hao wote imo ndani yake. Leo ukitoka Fort Jesus kuingia Mji wa Kale, njia unayoikanyaga imepewa jina la Mbarak Ali Hinawy. Wengi wetu hupita hapo kila siku tukielekea sokoni. Ningependa kijana anayepita na simu mkononi ajue kwamba mwenye jina lile alikuwa mtu wa kutumiana mashairi na marafiki wa mbali, sawasawa na yeye.

Yuko mwingine nisiyeweza kumruka, ingawa si wa Mvita bali wa Lamu: Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945. Huyu alikuwa mshairi, mwandishi wa hati mwenye mkono mzuri ajabu, mchonga milango, mpiga kibangala na mtu wa ngoma. Msomi Alice Werner alimtegemea, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann vilevile. Kila mmoja alimjia na haja yake, na kila mmoja alipata. Sisi tumezoea kumkemea mtu wa aina hiyo, tukimwambia mtaka yote hukosa yote. Mwanafunzi anayependa hisabati na kofia za kushona na historia ya meli huambiwa achague moja. Nawasihi wazazi na walimu tuliache hilo. Kama Kijumwa angelichagua moja, nakala ngapi za tenzi zetu zisingelikuwapo leo? Mtu wa mapenzi mengi ndiye anayeunganisha watu ambao vinginevyo wasingelikutana. Fundi seremala na mtunzi wa nyimbo walikutana ndani ya mtu mmoja.

Hata baharini mapenzi ya jambo hukutanisha watu. Mwaka 1697, Mombasa ikiwa imezingirwa na Waomani, meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mbele ya Fort Jesus. Ilikaa chini ya maji bila kuchimbuliwa karibu miaka mia tatu. Waliotambua mabaki yake katika miaka ya 1960 walikuwa wapiga mbizi wa hapa hapa, na kazi rasmi ya kuichimbua ikafuata kati ya mwaka 1977 na 1980, wazamiaji na wataalamu wa nchi mbalimbali wakishirikiana na Makumbusho ya Fort Jesus. Vitu vilivyotolewa vimo ndani ya ngome, na yeyote anaweza kwenda kuvitazama.

Sasa niiseme baraza yenyewe. Mji wa Kale si mkubwa, ni hekta 72 hivi, na ukiutembea kwa miguu kutoka ngomeni hadi Bandari ya Kale, ukazunguka kwa Ndia Kuu na vichochoro vya Kibokoni na Kuze, utaona mawe yaliyojengwa ubavuni mwa milango, yakapakwa chokaa, yakalainishwa na makalio ya vizazi. Hapo ndipo mzee husoma gazeti, hapo ndipo bao huchezwa na dhumna hugongwa, hapo ndipo muuza kahawa hutua dele lake na kugonganisha vikombe ili watu wajue amefika. Mwenye nyumba anaweza kumkirimu mtu asiyemjua vizuri bila kumwingiza ndani, na mgeni anaweza kukaa bila kuwa mzigo kwa watu wa nyumbani. Sioni ukumbi wa hoteli unaoweza kufanya hivyo. Ukumbini mtu hulipia saa, akatazama saa, akaondoka. Barazani mazungumzo huanza kwenye bei ya papa mkavu yakaishia kwenye ukoo wa mtu.

Na baraza hizi zinatutoka. Pikipiki zimeegeshwa juu ya nyingine. Nyingine zimefungiwa ndani ya vyuma, nyingine zimevunjwa ili duka lipate mlango mpana, nyingine zimekwenda na nyumba nzima pale ghorofa ya saruji iliposimama. Najua shida za wenye nyumba. Paa la kale huvuja, chokaa na boriti ni ghali, watoto wamehamia Nyali na Kisauni na nyumba imebaki na mtu mzima mmoja. Simlaumu mtu anayejisitiri. Lakini Mji wa Kale umetangazwa kisheria kuwa eneo la kuhifadhiwa tangu mwaka 1990, na iko ofisi ya uhifadhi inayohusika na mji huu. Jirani yangu, kabla ya kumwita fundi avunje, nenda ukawaulize. Pengine utaonyeshwa namna ya kupata duka lako na baraza ikabaki. Na nyinyi vijana wa pikipiki, mtaa una pembe nyingi za kuegesha. Mwachieni mzee mawe yake.

Kwa wasafiri nina maombi kadhaa ya adabu, nayo si mazito.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mombasa, akalala usiku mmoja tu, kisha akaendelea na safari ya Kilwa. Usiku huo mmoja ulimtosha kuona ndizi na ndimu na zambarau, misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na visima vya misikitini ambako mtu huteka maji na kuosha miguu kabla ya kuingia, kwa kuwa watu walitembea pekupeku. Ameandika hata juu ya mkeka wa kupangusia miguu. Nampenda Ibn Battuta kwa mkeka ule. Msafiri anayeuona mkeka wa mlangoni amewaona wenye nyumba. Basi mkija, msikimbilie kuhesabu vivutio. Simameni mbele ya Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mnamo mwaka 1570, mtazame kisima kilichoko ng'ambo ya njia, muulize kilitumikaje. Atakayewajibu huenda akawa ndiye mliyekuwa mkimtafuta.

Njooni wachache. Kundi la watu arubaini linalofuata bendera hakuna anayeliambia kitu, ilhali watu watano au sita wanaenea kwenye baraza moja. Njooni baada ya alasiri, jua likiwa limepungua na watu wametoka kupumzika, mkatoe masalkheri kabla ya kuuliza swali lolote. Vaeni kama mtu anayekwenda kumwamkia mkwe. Mlango ni wa mtu na nyuma yake wanaishi watu, kwa hivyo bisheni hodi hata kwa ajili ya picha. Mkija mwezi wa Ramadhani, mchana msile njiani. Usiku wake lakini ni neema, maana mitaa hulala kuchelewa na viazi karai havipoi. Mnunulieni muuza kahawa kikombe, na kashata juu yake.

Mkirekodi maneno ya mtu, muombeni ruhusa, na mkirudi kwenu mleteeni nakala. Hili nalisisitiza kuliko yote. Hati nyingi za tungo zetu ziko London na Hamburg. Zimehifadhiwa vizuri, na shukrani kwa waliozihifadhi, lakini mjukuu wa aliyeziandika huhitaji nauli ya ndege au mtandao mzuri ili azione. Kizazi chenu kina uwezo ambao Hichens hakuwa nao, maana picha na sauti zinaweza kurudi siku ile ile kwa mwenyewe. Zirudisheni. Nakala nyingine pelekeni Makumbusho pale Fort Jesus, pamoja na jina la msemaji kama ameridhia, na mahali, na tarehe.

Kisha kuna nusu ya mji ambayo haikai barazani. Wanawake wa Mvita wana vikao vyao uani, jikoni, kwenye shughuli za harusi na maulidi, na elimu iliyomo humo haipungui ya nje hata chembe. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikaa na wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy, wakasikiliza, na mwaka 1989 kikatoka kitabu cha maisha yao. Ndani yake mna ndoa, utumwa na athari zake, vyama vya ngoma ya lelemama na mashindano yake, mambo ambayo mzee wa barazani asingeweza kuyasimulia kwa kuwa hakuwapo. Kwa hiyo dada zetu mnaopenda mapishi, mishono, nyimbo za harusi, dawa za miti au mashairi, nanyi mna kwa kukutania. Ombeni mwenyeji mwanamke awapokee, mwende na zawadi ndogo, mkubali kumenya vitunguu. Na kwenu mama zetu, fungueni ua mara moja moja kwa msichana wa Kisumu au wa Bukavu anayetaka kujua mkate wa sinia unavyochachushwa. Atajifunza pia jinsi ya kuwasemesha wakubwa zake, na nyinyi mtajua Kiswahili kimefika wapi.

Nimesema Bukavu kwa kukusudia. Tusijidanganye kwamba lugha hii ni yetu peke yetu. Mpenzi wa Kiswahili wa Bujumbura au Lubumbashi atakuja na maneno yatakayotufanya tukunje uso. Tusimcheke. Bandari hii imepokea Wahadhrami, Wabalochi, Wahindi wa Kachi, Wabajuni, Wamijikenda na watu wa bara, na kila aliyekaa alitia chake kwenye chungu chetu. Mpeni nafasi ya kukaa, mumuulize kwao samaki huyu huitwaje. Mwalimu Sikujua asingemvumilia Taylor na matamshi yake ya mwanzo, tungekuwa na Muyaka yupi?

Kwa hivyo chagueni mwezi. Upepo wa kaskazi, Disemba hadi Machi, unafaa kwa matembezi ingawa joto ni kali. Kusi ikishaanza, masika hunyesha na vichochoro hutiririka. Anayetoka Nairobi kwa treni akumbuke kwamba Miritini si kisiwani, bado kuna mwendo hadi mjini. Anayetoka Tanga atapita Lunga Lunga na kuvuka Likoni kwa feri. Mmoja wenu atangulie siku moja, aongee na wenyeji, ajue baraza gani ina kivuli na nani yuko tayari kuzungumza juu ya lile mnalolipenda. Kama hamna mwenyeji, anzieni kwa wafanyakazi wa Makumbusho ngomeni. Waambieni waziwazi mmefuata milango, au mashua za mitepe, au Muyaka.

Nasi huku tujiandae. Kila mtaa una mtu mmoja anayejua jambo ambalo wengine wamelisahau: fundi wa majahazi aliyestaafu, bibi anayekumbuka nyimbo za lelemama, kijana aliyepiga picha kila mlango wa Ndia Kuu bila kumwonyesha mtu. Wiki hii mwendeeni, mumuulize kama yuko tayari kupokea wageni wawili watatu wanaolipenda analolipenda. Kisha ondoeni pikipiki, pigeni chokaa baraza, na majina ya walioridhia yawe kwa mzee wa mtaa, ili mgeni akifika asipotee njia.