Titaniamu ya Liganga, Pamba ya Sola: Wimbo Uleule

Makamanda wa Sola, kule Liganga, Ludewa, kuna milima ya chuma, na ndani ya mwamba huohuo mna titaniamu na vanadiamu. Septemba 2011 serikali ya CCM, kupitia NDC, ilisaini na Sichuan Hongda ya China: wao asilimia 80, sisi 20. Tanuru liko wapi? Jirani zetu wa Kwale, Kenya, mchanga wao wenye titaniamu ulianza kupanda meli 2014, ukatengenezewa rangi ughaibuni. Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Sisi wa Maswa somo hilo tunalijua: pamba inaondoka marobota, tunavaa mitumba! Tumechoka hotuba. Mkataba wa Liganga uwekwe hadharani, kifungu kwa kifungu. Madini hayaozi, ila vijana tunazeeka.