Ndege kuukuu na kombora la begani: somo la Kagera na Goma

USHONGO, Pangani. Mvuvi wa hapa akikwambia leo hatoki na ngalawa, usimcheke. Si mwoga huyo. Ameangalia upepo, ameangalia chombo, akaona havilingani.

Rubani wa kivita hana nafasi hiyo. Akiambiwa ruka, anaruka, hata kama ndege imemzidi umri.

Tuanze na Goma. Januari 24, 2023 ndege ya jeshi la Congo aina ya Su-25 ilirushiwa kombora kutoka Rwanda. Kigali ilisema imeingia anga yake. Kinshasa ikakataa, ikasema huo ni uchokozi wa kivita. Video zilizosambaa kwenye simu zilionyesha kombora likilipuka ubavuni mwa ndege, kisha ndege ikatua Goma huku inawaka moto.

Imeponaje? Su-25 ni muundo wa Kisovieti wa miaka ya 1970. Haina mbio, na kwa vile kazi yake ni kupiga shabaha za ardhini, hulazimika kushuka chini. Ndo maana ilitengenezwa na injini mbili, na rubani akazungushiwa kuta za titani. Kombora hailikimbii. Inalivumilia, ikibahatika.

Lakini ndege ya kasi nayo si kinga. Mwaka 1978 Idi Amin alipovamia Kagera alikuwa na MiG-21, ndege inayopita kasi ya sauti. Askari wetu walikuwa na SA-7, kombora ambalo mtu mmoja analibeba begani. Ndege za Uganda zikadunguliwa, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Ukraine ni hivyo hivyo. Marubani wa MiG-29 za zamani wanakabiliana na Su-35 za Urusi zenye rada na makombora ya masafa marefu. Wanajiokoa kwa kuruka chini sana na kuhamahama viwanja.

Kwa hiyo swali si nani ana ndege mpya tu. Ni nani anaona mwenzake kwanza, na nani ana kombora.

Hili linatuhusu. Wanajeshi wa Tanzania walikuwa mashariki mwa Congo chini ya SADC, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliiteka Goma pamoja na uwanja wake wa ndege. Hapo hata ndege ya kubeba majeruhi haikuwa na pa kutua. JWTZ ilitangaza vifo vya askari wake wawili. Machi 13, 2025 SADC ikafunga operesheni.

Siku nyingine vijana wetu wakitumwa, tuulize mapema: juu yao kuna nini? Nahodha wa Ushongo akiamua kutoka, na yeye yumo chomboni. Vitani, anayeamua mara nyingi hayumo.