Kuulizwa Hesabu Si Kukashifiwa



Katika msikiti mmoja wa pwani ya Kenya, ambao hatutautaja, kijana mmoja alisimama baada ya Sala ya Ijumaa akauliza: fedha tulizochanga kwa ajili ya kisima cha madrasa ziko wapi? Michango ilikuwa imekusanywa kwa miaka miwili na kisima hakionekani. Hakujibiwa. Usiku ule, kwa hasira, akawaandikia waumini wenzake kwa simu kwamba mweka hazina "amezila". Siku chache baadaye akaletewa barua ya wakili: aombe radhi na alipe fidia, la sivyo atashtakiwa kwa kashfa. Ijumaa iliyofuata khatibu naye akapanda mimbari, akatusomea Suratun-Nur, akatuonya tuogope mijeledi 80.

Mimi nilikuwa safu ya tatu, nikatoka nimeudhika. Barua ya wakili haikuniudhi, kwa sababu aliyeharibiwa jina lake ana haki ya kutafuta wakili. Kilichoniudhi ni kuiona Aya ya Mwenyezi Mungu ikifanywa kifuniko cha daftari la hesabu.

Basi na tuitazame Aya hiyo, ya 4 katika Sura ya 24. Inamhusu mtu anayewasingizia zinaa wanawake wanaojihifadhi, kisha asilete mashahidi wanne. Huyo apigwe mijeledi 80, na ushahidi wake usikubaliwe tena. Katika Sura hiyo hiyo ndimo ilimotajwa habari ya uzushi aliozuliwa Bibi Aisha (r.a.), aliyebaki nyuma ya msafara kwa kutafuta kidani chake, akaletwa na Safwan bin Muattal. Maneno yalizagaa Madina kama mwezi mzima mpaka Wahyi ukashuka kumtakasa. Imepokewa kwamba waliopigwa kwa kuyaeneza ni pamoja na Mistah bin Uthatha, mtu aliyepigana Badr, tena jamaa yake Sayyidna Abubakar (r.a.). Ubora wake wa Badr haukumkinga.

Lakini kwa nini adhabu ikawa nzito hivyo? Kwa sababu tendo lile ni la faragha, na aliyesingiziwa hana njia ya kuthibitisha kuwa halikutendeka. Bibi Aisha angetoa karatasi gani? Angemwita shahidi gani, hali ya kuwa jangwani walikuwa wawili? Ndiyo maana Sheria ikamtwika msemaji mzigo wote. Mweka hazina, je? Yeye analo daftari, anazo stakabadhi, na ipo akaunti ya benki inayotoa taarifa kila mwezi. Kumfananisha na Bibi Aisha katika dhiki yake ni kukosa adabu, Mola atusamehe.

Khatibu wetu angetaka mfano unaofaa, angetusomea Hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu huyo kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporudi, Mtume alimhesabia. Akasema: hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi mimi. Mtume akamuuliza, kama ni mkweli, kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hiyo itamjia? Kisha akasimama mbele ya watu, akamhimidi Mwenyezi Mungu, akalieleza jambo lile waziwazi. Ndugu zangu, huyo aliyehesabiwa alikuwa Sahaba, na aliyemhesabia ni Mbora wa viumbe. Sisi leo ati tunaambiwa kwamba kumwuliza mweka hazina wa msikiti ni fitina!

Tena ipo Aya ya 148 katika Suratun-Nisaa. Mwenyezi Mungu hapendi maneno maovu yatangazwe, isipokuwa na aliyedhulumiwa. Imamu Nawawi, aliyekuwa mkali wa kusengenya, alitaja njia sita ambazo kumsema mtu kunaruhusiwa, na ya kwanza ni mashtaka ya mwenye kudhulumiwa. Hind bint Utba alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akasema kwamba mumewe, Abu Sufyan, ni bahili, hampi cha kumtosha yeye na watoto. Hakuambiwa: nyamaza, unamchafua mumeo. Alifutuliwa achukue kinachomtosha kwa wema.

Na sheria ya nchi inasemaje? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na ibara hiyo hiyo inamtaka aheshimu haki na jina la mwenziwe. Zamani mtu aliweza kufungwa jela kwa kashfa, hadi miaka miwili, kwa kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Mwezi wa Februari 2017 Mahakama Kuu, Jaji Mativo, iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, kwani aliyeharibiwa jina anaweza kudai fidia katika kesi ya madai bila ya kumtia mtu gerezani. Nami naona ulikuwa uamuzi mwema. Daawa ya kashfa haiendi kwa Kadhi, ambaye Katiba imemwekea ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Inakwenda kwenye mahakama za kawaida, na huko ukweli ni ngao. Lakini sikilizeni vizuri, vijana: ngao hiyo huibeba yule aliyesema. Hakimu hatamwambia mweka hazina athibitishe kwamba hakula. Atamwambia kijana athibitishe kwamba mwenziwe amekula.

Hapo ndipo kijana wetu alipoteleza, nami sitamtetea kwa hilo. Msikitini aliuliza swali, na swali lile lilikuwa haki yake na haki ya kila aliyetoa shilingi. Usiku akatoa hukumu. Je, aliiona stakabadhi moja? Yawezekana fedha zimo benki. Yawezekana mchimbaji alilipwa akatoroka. Suratul-Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na neno "amezila" liliwafikia watu mia mbili kabla ya adhuhuri, pamoja na watoto wa mweka hazina mwenyewe. Kulifuta neno kama hilo ni kazi. Hata aliyesafishwa na mahakama hubaki na watu wanaomtazama kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo namwambia kijana: liondoe neno lako, mwombe radhi mzee mbele ya wale wale uliowaandikia, na swali lako usiliondoe. Na kamati naiambia: mnazo fedha za kumlipa wakili, basi ziwepo na za kumlipa mkaguzi wa hesabu, tena tungependa kujua huyo wakili alilipwa kutoka mfuko gani. Bandikeni ukutani, karibu na mahali pa kutawadhia, karatasi moja tu: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Ijumaa ijayo tutaitazama.