Kuzima na kuwasha si kupima

Wadau, ukipiga simu kulalamika kwamba intaneti imepotea Umoja au Kayole, jibu ni lile lile: "Zima ruta, halafu uwashe." Mimi nasema huko si kupima.

Anza na taa ya LOS kwenye kifaa cha faiba. Ikiwaka nyekundu, mwanga haukufikii. Hata uwashe mara mia, anayehitajika ni fundi wa waya. Kama haiwaki, piga ping kwa ruta, mara nyingi 192.168.1.1. Ikijibu, jaribu 8.8.8.8. Hiyo nayo ikijibu lakini tovuti hazifunguki, shuku DNS, inayogeuza majina kuwa namba. Isipojibu, tracert itakuonyesha hatua ya mwisho iliyojibu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota Kenya, na ruta za Eastlands hazikuwa na kosa lolote.

Mwenye saiba hupoteza wateja kila saa anayozungushwa kwenye simu. Kampuni zipokee vipimo vya mteja kama ushahidi. Nasi tupime kwanza, tuandike saa na matokeo. Mwenye namba mkononi hafukuzwi kirahisi.