Semi za Waingereza: Petro Hakuibiwa Kitu

Juma lililopita alibisha hodi kwetu baba mmoja wa parokia, karani mstaafu, ajuaye Kifaransa barabara. Mkononi alishika barua ya mwanawe asomaye Kampala. Kijana aliiandika kwa Kiingereza, kwa maana baba mwenyewe alitaka kuona kama ada anayoilipa yazaa matunda. Baba Petro (ndivyo aitwavyo, kwa jina la kifungua mimba wake) alikuwa amekesha na kamusi, akifasiri neno kwa neno. Na haya ndiyo aliyoyapata: mwanawe amekaa majuma mawili chini ya hali ya hewa, mtihani ameushinda kwa ngozi ya meno yake, na kuhusu ada ya muhula ujao, amwomba baba yake asimwibie Petro ili kumlipa Paulo.

«Mwanangu alala nje pasipo paa,» akasema, «augua meno, na juu ya hayo aniita mwizi. Petro hajaibiwa kitu, wala nyumbani mwetu hamna Paulo!»

Tulijizuia tusicheke, kwani macho yake yalikuwa mekundu.

Kamusi haikumdanganya. Lakini usemi haufasiriwi kipande kipande. Mgeni akisikia kwetu kwamba jirani ana mkono mrefu, naye akategemea kamusi peke yake, atakwenda kuupima mkono huo kwa futi, na huku mfuko wake waibiwa.

Usemi wa kwanza hautuchukulii muda: kuwa chini ya hali ya hewa ni kuumwa kidogo, kutojisikia vema. Wa pili una asili tukufu. Watoka katika Kitabu cha Yobu, sura ya 19, aya ya 20, pale mtu yule wa mateso asemapo kwamba ameokoka na ngozi ya meno yake tu. Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza, ile ya Geneva ya mwaka 1560 na ile ya Mfalme James ya mwaka 1611, waliyafuata maneno ya Kiebrania yalivyo, na watu wakayachukua hata sokoni. Jino, kama tujuavyo, halina ngozi. Basi aliyeokoka kwa ngozi ya meno ameokoka kwa kitu chembamba kuliko uzi. Sisi husema ameponea chupuchupu. Kijana amefaulu, ila kwa alama chache mno.

Na huyu Petro? Waingereza wengi husimulia kwamba usemi huo ulizaliwa London katika karne ya 16, wakati mali ya kanisa la Mtakatifu Petro la Westminster ilipochukuliwa kwa ajili ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Hadithi ni tamu, lakini haiwezi kuwa asili yake, kwa kuwa John Wycliffe, aliyefariki mwaka 1384, alikuwa amekwisha kuuandika. Sisi twadhani majina hayo yaliandamana tu kwa sababu Mitume hao wawili huadhimishwa siku moja, tarehe 29 Juni. Wafaransa nao hawamwibii Petro: humvua nguo ili kumvika Paulo.

Hapo Baba Petro akajipiga paja. Usemi huo wa Kifaransa aujua tangu shuleni! Maana ni ile ile: kubomoa hapa ili kuziba pale, kulipa deni moja kwa kuzua jingine. Kijana alikuwa akimsihi asichukue ada ya dada yake ili kulipa ya kwake.

Baba akanyamaza kitambo. Ndivyo hasa alivyokusudia kufanya, na hakuwa amemwambia mtu.

Kisha akairudia ile aya ya kwanza kwa kidole. «Kumbe alikuwa mgonjwa,» akasema. «Je, amepona?»

Tuliisoma barua tena toka juu hadi chini. Haikusema. Tukampa karatasi na kalamu, akaandika papo hapo mezani petu, kwa Kiswahili.